Kabla kompyuta ya mtoto haijavuka maji

"MAMA mdogo, notisi zote zimegeuka shotikati."

Simu hiyo ilinikuta bado niko ofisini Dar es Salaam, saa mbili usiku, Agosti mwaka jana. Aliyepiga ni kijana wa dada yangu. Yuko kidato cha nne, amebakiza miezi mitatu aingie kwenye mtihani wa taifa. Alikuwa amesimama kwenye gati ya kijiji chao, huko delta ya Rufiji upande wa Wilaya ya Kibiti, kwa sababu ndipo mtandao wa simu unaposhika.

Kompyuta yenyewe nilikuwa nimewanunulia mimi, miezi miwili kabla ya hapo. Dada ni mwalimu wa shule ya msingi, shemeji anavua kamba. Walijichanga wakanitumia fedha nitafute kompyuta ya mezani iliyotumika: kijana asomee, na binti yao wa darasa la tatu ajifunze kuandika. Niliipata Kariakoo kwa Sh280,000 pamoja na kioo, kibodi na mausi. Nikaipeleka hadi Nyamisati, nikasubiri maji yajae, tukavuka nayo kwa boti ikiwa imefungwa turubai. Nilijiona nimemaliza kazi.

Kumbe nilikuwa sijaianza. Windows iliyokuwemo haikuwa na leseni, na haikuwa na kinga yoyote ya virusi. Kijana alikuwa akisoma Kibiti mjini, akikusanya notisi na mitihani ya nyuma kwenye flashi, akipita nayo steshenari kuchapa kurasa mbili tatu, kisha wikendi anarudi nayo nyumbani. Siku moja ile flashi ikarudi na mgeni. Kila alichobofya kilikuwa alama ndogo yenye mshale, na hakuna kilichofunguka. Fundi aliyemwona mjini akamwambia dawa ni moja tu, kufuta kila kitu.

Dada akachukua simu. "Mdogo wangu, wewe ndiye uliyesoma. Sema tufanye nini."

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Kompyuta naijua kwa kuandikia tu. Lakini katika safu hii nimekuwa nikiwaambia wazazi msikimbilie dawa kali kabla ya kupima, kwa hiyo sikuweza kumwambia afute. Kesho yake nilimfuata kaka mmoja anayehudumia kompyuta za ofisini kwetu. Alinisikiliza, akatoa flashi mfukoni, akasema: "Nenda na hii. Ina Linux. Usiweke kitu, iwashe tu, halafu ufungue flashi ya mtoto."

Jumamosi nilikuwa Nyamisati tena. Tuliwasha ile kompyuta kwa kutumia flashi niliyopewa, tukachomeka flashi ya kijana. Kwenye kioo likaonekana folda moja lisilo na jina. Ndani yake, Baiolojia, Kemia, Jiografia, kila kitu kilikuwepo. Virusi vya aina ile mara nyingi havifuti mafaili. Huyaficha, kisha huweka shotikati za uongo mbele yake. Windows ilikuwa inatii maficho yale, Linux haikuyatii.

Kijana alinyamaza kidogo. "Kwa hiyo zilikuwepo muda wote?"

Zilikuwepo. Na tungefuata ushauri wa kufuta, angeingia Novemba mikono mitupu.

Tangu nilipowasimulia watu kisa hiki, wazazi kadhaa wa Kibiti, Bungu na Ikwiriri wameniuliza: Hiyo Linux ni nini? Inafaa kwa mtoto? Na ni ipi ya kuchagua, maana zipo nyingi? Leo nawaeleza nilichojifunza, pamoja na makosa yangu, kwa ajili ya nyumba ambayo kompyuta itakaa peke yake bila intaneti.

Unayo tayari mkononi

Kila kompyuta ina mfumo endeshi. Hiyo ndiyo programu mama inayoamsha mashine, kuonyesha picha kwenye kioo, kusoma flashi na kufungua programu nyingine. Windows ni mfumo endeshi mmojawapo. Linux ni kiini ambacho mifumo mingi imejengwa juu yake. Kiini hicho kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Android nayo imejengwa juu ya kiini hichohicho. Kama unasoma ukurasa huu kwenye simu ya Android, basi Linux si mgeni kwako.

Majina mengi ndiyo yanayotuchanganya: Ubuntu, Linux Mint, Lubuntu, Endless OS na mengine. Chukulia unga wa mchele. Mmoja atapika vitumbua, mwingine mkate wa kumimina, na unga ni uleule. Watengenezaji huchukua kiini kimoja, kila mmoja akakiwekea sura yake na programu zake. Mzazi hahitaji kuonja vyote. Anahitaji kimoja kinachoifaa nyumba yake.

"Cha bure kina nini?"

Hilo lilikuwa swali la shemeji, na ni swali la haki. Kwetu tunajua cha bure mara nyingi kina gharama yake.

Ubure wa Linux umeandikwa kwenye leseni yake. Leseni inakuruhusu kuitumia, kuinakili na kumpa jirani bila kumlipa mtu na bila kuvunja sheria. Hakuna namba ya siri ya kununua, hakuna ujumbe unaokusumbua kwenye kona ya kioo kwamba hujalipia. Makampuni yanayoitengeneza hupata fedha kwa njia nyingine, kama vile kuhudumia kompyuta kubwa za mabenki na mashirika, na baadhi ya mifumo huendeshwa kwa michango ya watumiaji.

Na si kitu cha pembeni. Takwimu za kila mwezi za vituo vyetu vya afya, zikiwemo za zahanati unayompeleka mwanao kupimwa uzito, huingizwa kwenye mfumo uitwao DHIS2. Ni programu huria iliyoanzia Afrika Kusini na kuendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na Tanzania haikununua leseni ya kuutumia. Kule Karatu, shirika la Powering Potential limepeleka shuleni kompyuta ndogo za Raspberry Pi zinazotumia Linux na umeme wa jua, zikiwa na masomo ndani yake bila kutegemea intaneti.

Hata Kiswahili kimeguswa. Katikati ya miaka ya 2000, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya Sweden iitwayo IT+46 walikuwa na mradi wa Kilinux. Waliitafsiri programu ya kazi za ofisini ya OpenOffice, ikaitwa Jambo OpenOffice. Ndugu yake wa leo anaitwa LibreOffice, na ndiye utakayemkuta kwenye Linux nyingi akifanya kazi za Word na Excel. Lakini nisikudanganye: sehemu kubwa ya maandishi utakayoyaona kwenye kioo bado yatakuwa ya Kiingereza.

Kwa nini usibaki na Windows?

Kama kompyuta yako ina Windows yenye leseni, inafanya kazi vizuri na mtoto ameizoea, baki nayo. Simpigii debe mtu.

Tatizo liko kwenye kompyuta zilizotumika, ambazo ndizo wengi wetu tunazimudu. Nyingi zina Windows 10, na Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa mfumo huo Oktoba 14, 2025. Haizimiki, ila haipati tena marekebisho ya usalama kama zamani. Windows 11 nayo inadai vifaa vipya ambavyo kompyuta nyingi za zamani hazina, kwa hiyo unakuta mashine nzima imekataliwa. Hapo ndipo mafundi wanapoweka Windows isiyo na leseni, na hujui wameiweka pamoja na nini.

Wengine huniambia: "Lakini yangu haina intaneti, virusi vitatoka wapi?" Vitatoka kwenye flashi, kama vilivyotoka kwetu. Kompyuta isiyo na mtandao ni kama kijiji kisicho na barabara, wageni huja na boti. Virusi vilivyotengenezwa kwa ajili ya Windows haviwezi kufanya kazi kwenye Linux kwa kawaida. Lakini flashi yenyewe inaweza kuendelea kuvibeba hadi kwenye kompyuta ya shule au ya steshenari. Kwa hiyo usafi wa flashi unabaki palepale.

Maswali manne ya kuchagua

Swali la kwanza: mashine ina RAM kiasi gani? RAM ni kama meza ya jikoni. Ikiwa ndogo, vyombo vinapangwa kimojakimoja. Ukikuta GB 4, chagua Linux Mint, aina ya Xfce ambayo ni nyepesi. Ukikuta GB 8 au zaidi, Linux Mint ya Cinnamon au Ubuntu yenyewe zitakwenda bila shida. Ukikuta GB 2 tu, jaribu Lubuntu, na usitarajie makubwa. Kama muuzaji anakupa kompyuta ya biti 32, usiinunue hata kwa bei ya kutupwa, kwa sababu mifumo mingi mipya haiikubali tena. Diski iwe walau GB 100 ili video za masomo zipate pa kukaa.

Swali la pili: umeme unatoka wapi? Ukiwa Kibiti mjini kwenye umeme wa TANESCO, kompyuta ya mezani ni sawa. Ukiwa visiwani kwenye sola, piga hesabu kwanza. Kompyuta ya mezani na kioo chake inaweza kula wati 80 hadi 150. Laptop ndogo hula wati 20 hadi 50 tu, na ina betri yake. Sikulijua hili. Dada sasa anaiwasha mchana jua likiwa kali, na usiku taa ndizo zinazopewa nafasi. Ningerudi nyuma, ningenunua laptop.

Swali la tatu: nani atakusaidia ikigoma? Hili naliona kubwa kuliko yote, na nimelisahau mara nyingi hata kwenye mambo ya afya. Dawa nzuri isiyopatikana zahanati ya karibu haimponi mgonjwa wa kijijini. Endless OS, kwa mfano, ilitengenezwa ikilenga nyumba zisizo na intaneti na ina toleo linalokuja na maarifa mengi ndani. Nilivutiwa nayo sana. Lakini nilipouliza Kibiti na Ikwiriri, vijana niliowapata walikuwa wameshawahi kushika Ubuntu au Mint. Nikachagua Mint. Pia menyu yake iko chini kushoto kama Windows waliyozoea, na mwalimu wa watu wazima kama dada hakuhitaji kuanza upya.

Swali la nne: mtoto atafanya nini nayo? Kuandika, kusoma PDF, kutazama video za masomo, kucheza michezo ya kujifunza na kuchapa kwenye printa ni mambo ambayo Linux inayafanya. Lakini kama shule au chuo kinadai programu fulani ya uhasibu au ya kuchora majengo iliyotengenezwa kwa Windows peke yake, Linux itakukwamisha. Uliza kwanza kwa mwalimu.

Ijaribu kabla ya kufuta

Uzuri mkubwa wa Linux ni kwamba unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani ya kompyuta. Ndivyo tulivyoziokoa zile notisi.

Unahitaji flashi ya GB 8 isiyo na kitu cha maana, kwa sababu itafutwa. Linux Mint ni faili moja kubwa, karibu GB 3, kwa hiyo ipakue mjini kwenye bando la uhakika au kwa rafiki mwenye intaneti. Pakua kwenye tovuti ya Linux Mint yenyewe, siyo mahali pengine. Kisha kwa kutumia programu kama Rufus au balenaEtcher kwenye kompyuta nyingine, faili hilo huandikwa kwenye flashi. Kulinakili kama unavyonakili picha hakutoshi, kompyuta haitaamka nalo. Baada ya hapo chomeka flashi, washa kompyuta huku ukibonyeza kitufe cha F12, na kwa baadhi ya mashine ni F9 au Esc. Chagua flashi, subiri.

Ikiamka, pima mambo matano papohapo: sauti inatoka? Kioo kinaonekana vizuri? Kibodi na mausi vinaitika? Flashi nyingine inasomeka? Printa, kama unayo, inakubali? Kama yote yanajibu, ndipo uamue kuiweka moja kwa moja. Fanya jaribio hili dukani kabla hujalipa. Muuzaji mwaminifu hatakukatalia dakika 10.

Ukiamua kuiweka, nakili kwanza kila kitu cha familia kwenye diski ya nje au flashi nyingine. Wakati wa kuweka, mfumo utakuuliza kama ufute diski yote. Ukikubali, hakuna kurudi nyuma. Wapo wanaoweka Windows na Linux pamoja kwenye diski moja. Kwa mara ya kwanza nakushauri uachane na hilo, lina njia nyingi za kukosea.

Kosa langu la pili

Baada ya kuokoa notisi tuliweka Linux Mint palepale kijijini. Dada akafurahi, tukanywa chai na vitumbua. Kisha binti akaomba video za hesabu nilizomletea. Baadhi zikagoma kucheza.

Linux Mint haiji na vipande vyote vya kuchezesha kila aina ya video na muziki. Hupakuliwa kutoka intaneti wakati wa kuweka au baadaye. Nilikuwa nimeshavuka maji, na mtandao ulikuwa gatini. Tulijaribu kubeba CPU hadi gatini, umeme haukuwepo. Mwishowe CPU ikarudi nami hadi Kibiti, ikalala usiku mmoja kwa rafiki mwenye umeme na mtandao, kisha ikavuka tena. Nauli ya boti mara mbili, kwa kosa la nusu saa.

Kwa hiyo kanuni yangu sasa ni hii: kompyuta ya kukaa peke yake ikamilishwe kabla haijaondoka palipo na intaneti. Huna Wi-Fi? Simu ya Android inatosha. Iunganishe na kompyuta kwa waya wa USB, washa kipengele cha simu cha kugawa intaneti kwa USB, na Linux kwa kawaida huitambua bila kuuliza. Ukiwa hapo, fanya haya:

Weka masasisho yote. Toleo la 22 la Mint linahudumiwa hadi mwaka 2029, lakini kompyuta ya kijijini inaweza kukaa mwaka mzima bila kuyapata, kwa hiyo iondoke ikiwa nayo.

Weka vipande vya video na sauti, pamoja na programu ya VLC.

Weka GCompris, ambayo ina michezo mingi ya kujifunza kwa watoto wa miaka 2 hadi 10, na Tux Paint ya kuchora.

Weka Kiwix. Hii inakuwezesha kusoma Wikipedia bila intaneti, ikiwemo Wikipedia ya Kiswahili. Unapakua faili lake mara moja, basi.

Ziweke notisi, mitihani ya nyuma na vitabu vya PDF ambavyo mwalimu ameruhusu vigawiwe.

Kama kuna printa, iunganishe na uchape ukurasa mmoja ukiwa bado mjini.

Halafu chomoa intaneti, zima kompyuta, iwashe tena na ujaribu kila kimoja. Kinachofanya kazi bila mtandao mjini kitafanya kazi Mbwera au Salale.

Neno la siri na kadi ya kliniki

Linux hutofautisha msimamizi na mtumiaji wa kawaida. Msimamizi anaweza kuongeza au kuondoa programu kwa kutumia neno la siri. Mtumiaji wa kawaida anafanya kazi zake tu. Msimamizi awe mzazi, na kila mtoto apewe akaunti yake ya kawaida. Binti akibofya asichokijua, hawezi kuvuruga mfumo wa kaka yake.

Neno la siri liandikwe kwenye daftari linalotunzwa pamoja na kadi za kliniki na vyeti vya kuzaliwa. Nyumba yetu hatukufanya hivyo mwanzoni. Dada alilisahau baada ya wiki mbili, na ilibidi nimwelekeze kwa simu, akiwa gatini, huku kijana akikimbia na majibu kati ya gati na nyumba.

Notisi za kijana sasa zinakaa sehemu mbili: kwenye kompyuta, na kwenye flashi ya pili isiyokwenda steshenari. Linux haizuii diski kufa, na haizuii maji. Mafuriko ya Aprili 2024 yalituonyesha Rufiji na Kibiti jinsi nyumba inavyoweza kuhamishwa usiku mmoja. Flashi ya familia iwekwe kwenye mfuko usioingiza maji, palepale penye vyeti.

Afya ya mtoto mbele ya kioo

Hapa niko kwenye kazi yangu.

Kompyuta ya mezani ina betri ndogo ya duara kama sarafu, inayotunza saa na tarehe. Kwenye mashine ya zamani huwa imekwisha, na utaona tarehe inarudi nyuma kila umeme ukikatika. Kuibadilisha ni rahisi. Lakini betri hiyo mtoto mdogo akiimeza ikakwama kooni, inaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa mbili. Usiiache mezani, na ya zamani itupwe mbali na watoto. Ukihisi ameimeza, hata kama anacheka na kucheza, mkimbize hospitali mara moja. Usimtapishe.

Kwa walio wadogo, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya kioo, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku, pungufu ni bora zaidi. Kwa wakubwa, kioo kiwe mbali kama urefu wa mkono na chini kidogo ya usawa wa macho, miguu ifike chini. Kila dakika 20 atazame mbali kidogo. Delta ina mikoko ya kutosha kutazama. Na kompyuta izimwe mapema kabla ya kulala.

Kompyuta isiyo na intaneti inampa mzazi nafuu moja: kilichomo ndani unakijua. Hakuna tangazo la kamari linalojifungua lenyewe. Lakini flashi huleta filamu pia, kwa hiyo kompyuta iwekwe sebuleni, siyo chumbani.

Kilichotokea baadaye

Kijana alifanya mtihani wake Novemba. Matokeo ni yake, sitayaandika gazetini. Ninachoweza kusema ni kwamba aliingia chumba cha mtihani akiwa amezisoma notisi zake zote.

Desemba nilivuka tena, safari hii mikono mitupu. Nilimkuta shemeji, yule aliyeuliza cha bure kina nini, amekaa na jirani yake ambaye naye amenunua laptop iliyotumika. Kijana alikuwa anamwandalia flashi ya Linux.

"Mama mdogo," aliniambia bila kuinua macho, "nimemwambia aipeleke kwanza Kibiti ikaongezwe za video, ndipo aje nayo."

Wiki ijayo: homa za watoto msimu wa mvua, na lini usisubiri asubuhi.